Huduma za Afya ya Akili Huanzia Kijijini

Mtu mzima anayeugua maradhi ya akili hahitaji dawa pekee. Anahitaji pia familia inayomwelewa na kazi ya kumpatia kipato. Mahitaji hayo yasiposhughulikiwa kwa pamoja, mgonjwa hupata nafuu, huacha dawa, kisha huugua tena.

Kwa miaka mingi tegemeo kuu la nchi lilikuwa Hospitali ya Mirembe mkoani Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Kwa kaya ya Nyololo, safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Katika miaka ya 1980 Serikali ilifanya majaribio ya kuingiza huduma hizo katika afya ya msingi, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro.

Utaratibu huo huunganisha ngazi zote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akibaini dalili, kama vile kujitenga, kukosa usingizi au kusikia sauti wasizozisikia wengine, humwelekeza mhusika zahanati. Mganga humchunguza na, inapobidi, humpa rufaa ya kwenda hospitali. Afisa ustawi wa jamii huisaidia familia kumpokea anaporejea.

Kiungo kilicho rahisi kukatika ni hicho cha mwisho. Kumfungia mgonjwa ndani hakumponyi, bali humcheleweshea tiba. Wananchi wanashauriwa kumfikisha zahanati mapema, kutunza karatasi zake za matibabu, na kutomsitishia dawa bila ushauri wa mtaalamu, hata anapoonekana amepona.