Mzazi, nailoni unayojalidia daftari la mwanao ilibeba nini kabla?

Siku chache kabla shule hazijafunguliwa Januari, kazi huwa moja katika nyumba nyingi za Korogwe na Handeni. Madaftari ya mwaka uliopita hutolewa chini ya kitanda, kurasa zilizobaki tupu huchanwa taratibu, zikapangwa pamoja na kushonwa kuwa daftari jipya la rafu.

Ni hesabu ambayo mama wa Kitanzania hahitaji kufundishwa. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, karo imeondoka, lakini daftari, kalamu na sare vimebaki mfukoni mwa mzazi. Mwenye watoto wanne hawezi kutupa kurasa ishirini nyeupe kwa sababu tu mwaka umeisha.

Daftari likishashonwa hubaki suala la kava. Karatasi ya kaki inapendeza siku ya kwanza, lakini mvua moja ya njiani inatosha kuigeuza uji. Hapo mzazi huanza kutafuta nailoni.

Zamani jibu lilikuwa mfuko wa rambo. Unakatwa pembeni, unafunguliwa, unavishwa daftari, kazi imekwisha. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na kwa mzazi wa kijijini plastiki iliyobaki karibu mara nyingi ni ile iliyotoka shambani au dukani ikiwa na kitu ndani.

Kosa la wengi ni kuichagua kwa macho. Ikiwa safi, nene na inang’aa, inakatwa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: ilibeba nini?

Sumu haionekani kwa macho

Wilaya hizi mbili zinaishi kwa kilimo. Mahindi yapo kila upande, machungwa yapo Kabuku na vijiji vya jirani, mkonge umeizunguka Korogwe. Kila msimu unaacha nyuma vifungashio vya mbolea, mbegu na viuatilifu.

Hata jina tunaloyaita magunia ya plastiki, salfeti, linakumbusha mbolea ya salfeti ya amonia. Gunia lilikuja na mbolea, mbolea ikaisha, gunia likabaki na jina. Na likabaki na kazi nyingine nyingi: kubebea mkaa, kuanikia mihogo, kuzibia dirisha, na sasa kujalidia daftari.

Mbolea yenyewe si sumu kali kama kiuatilifu, ila vumbi lake huwasha ngozi na macho, na halifai mdomoni. Mtoto wa darasa la kwanza hulamba kidole ili afunue ukurasa. Hula andazi wakati wa mapumziko kwa mkono uleule ulioshika daftari. Kava linashikwa mara nyingi kwa siku, kwa miezi.

Kifungashio cha mbegu kinahitaji tahadhari zaidi. Mbegu bora za mahindi mara nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, kisha hutiwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani kuonya watu wasizile. Ukifungua mfuko ukakuta unga wa rangi umebaki kwenye pembe zake, ile si rangi tupu. Ni dawa.

Kinachotisha kuliko vyote ni nailoni iliyofungia viuatilifu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, FAO, na ya afya, WHO, yanaelekeza kwamba chombo cha kiuatilifu cha maji kikiisha kisuuzwe mara tatu, kisha kitobolewe ili asitokee mtu wa kukitumia tena kwa kazi nyingine. Angalia mpangilio huo: hata baada ya kusuuzwa mara tatu bado kinatobolewa. Anayesema “nimekiosha vizuri kwa sabuni” ameishia njiani, na yale maji aliyooshea huenda yamemwagwa mahali kuku wanapokunywa.

Kwa wanaoishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu ya Handeni, orodha inaongezeka: plastiki yoyote iliyofungia kemikali za kuchenjulia haina nafasi ndani ya nyumba, achilia mbali kwenye begi la shule.

Watoto huumia zaidi ya watu wazima kwa kiasi kilekile cha sumu, kwa sababu miili yao ni midogo na bado inajengeka. Baadhi ya viuatilifu huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, mate mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida. Mtoto akionyesha dalili hizo baada ya kushika kitu cha shambani, mvue nguo zilizochafuka, muoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, na muwahishe kituo cha afya. Beba lebo ya kifungashio kama ipo. Mganga akijua jina la dawa hapotezi muda kubahatisha.

Iliyo salama iko jikoni na dukani

Habari njema ni kwamba plastiki nzuri ya kava haikosekani, na mara nyingi ni ya bure.

Muulize mwenye duka la jumla nailoni ya ndani ya gunia la sukari. Magunia mengi ya kilo 50 huwa na nailoni nyembamba iliyotengenezwa kugusana na chakula. Ni laini, inaonyesha upande wa pili, na ikioshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini iko tayari. Mifuko ya chumvi nayo inafaa, kwa sharti la kuisuuza vizuri, la sivyo chumvi itavuta unyevu na kurasa zitalowa hata pasipo mvua.

Chaguo jingine lipo kwa waliohifadhi mahindi kwa mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS yenye gunia la nje na nailoni mbili ndani. Mifuko hiyo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Nailoni ikitoboka haihifadhi tena nafaka, lakini kwa kava ni bora kuliko nyingi zinazouzwa: nene, ngumu kuchanika, na moja inatosha madaftari ya watoto wote wa nyumba. Ila uwe na uhakika kwamba hapo nyumbani hakuna aliyenyunyizia dawa ya wadudu ndani “kwa usalama zaidi”. Na usiichanganye na magunia ya aina nyingine ambayo nyuzi zake zimetiwa dawa ya wadudu kiwandani. Hayo huandikwa onyo, na hayafai kabisa.

Usipojua plastiki ilitoka wapi, iache. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoonyesha mabaki ya sumu.

Kipimo cha bakuli la maji

Kipimo cha nyumbani kipo cha jambo lingine: aina ya plastiki yenyewe. Kinawafaa hasa wanaonunua makava yaliyo tayari kwenye maduka ya vifaa vya shule, Manundu pale Korogwe mjini au Chanika kule Handeni.

Makava ya dukani si ya aina moja. Kuna ya polithini, laini na yenye utelezi kama yamepakwa nta. Kuna ya polipropilini, makavu kidogo, yanayopiga kelele yakikunjwa. Na kuna ya PVC, mazito na laini kama ngozi, yanayonata mkononi na kutoa harufu kali ukifungua pakiti. Watoto huyapenda hayo ya mwisho kwa sababu ya rangi zake.

Kata kipande kidogo kama ukucha. Kipake sabuni ya maji ili viputo vya hewa visikidanganye, kisha kizamishe kwenye bakuli la maji na ukiachie. Polithini na polipropilini huelea. PVC huzama. Kama bidhaa ina alama ya pembetatu ya mishale, namba 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC.

Kwa nini uhangaike na hilo? PVC kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Ili ilainike kuwa kava, huchanganywa na kemikali za kulainisha, na zilizotumika kwa miaka mingi ni za kundi la thaleti. Hazijafungamana na plastiki, hivyo hutoka kidogo kidogo. Ndiyo maana kava la namna hiyo likilaliana na karatasi muda mrefu, wino huhamia kwenye kava na kurasa hunata.

Baadhi ya thaleti huvuruga homoni, na wasiwasi mkubwa ni kwa ukuaji wa viungo vya uzazi vya watoto wa kiume. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2005 inayozuia thaleti tatu kuzidi asilimia 0.1 katika vifaa vya kuchezea watoto. PVC nyingine, hasa ya bei ya chini yenye rangi ya njano au nyekundu iliyokolea, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo WHO inasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Mtoto hatadhurika kwa kubeba kava la PVC wiki moja, na hakuna sababu ya kuyachana yote usiku huu. Lakini kama una mtoto anayetafuna pembe za daftari, na wapo wengi, huyo usimpe kava linalozama.

Vumbi la Handeni, unyevu wa Korogwe

Barabara ya lami imezisogeza wilaya hizi karibu, lakini hali ya hewa haijafanana. Korogwe iko chini ya Milima ya Usambara, na masika ikishika, unyevu huingia kila mahali. Kosa la huko ni kulifunga daftari pande zote kama mzigo wa posta. Daftari likilowa kidogo ndani ya nailoni iliyobana, halikauki. Linaota ukungu mweusi na kunuka. Kwa mtoto mwenye pumu, kufungua daftari hilo karibu na pua ni kuita kikohozi. Acha upande wa kurasa wazi, na jioni daftari lililolowa litolewe kava likauke.

Handeni shida ni jua na vumbi. Solotepu hukauka na kubanduka ndani ya wiki chache, na plastiki iliyokaa juani, kama gunia lililofunika banda, huwa kavu na kumeguka vipande vidogo vinavyonata vidoleni. Ukiikunja ikapasuka kama jani kavu, si ya kava.

Gundi ya kawaida haishiki polithini, usipoteze hela yako. Kunja sentimita tano hivi kwa ndani kila upande, kisha shona kwa mkono au kwa cherehani yenye hatua ndefu. Hatua fupi hutoboa nailoni kwa mfululizo, nayo huchanika kwenye mstari huohuo kama stempu. Chini yake weka karatasi ya manila au boksi jembamba, na jina la mtoto liandikwe hapo, si juu ya nailoni ambako kalamu hufutika siku ya pili.

Kurasa zenyewe zishonwe kwa shazia na uzi imara, matundu matatu au matano kwenye mkunjo. Pini kuukuu za madaftari ya mwaka jana ziondoe zote. Hushika kutu, na huchoma vidole vya mtoto aliye na haraka.

Vipande vinavyobaki baada ya kukata visiachwe sakafuni. Nailoni nyembamba ikimfunika pua na mdomo mtoto anayetambaa, yeye hajui kuitoa.

Visiende jikoni pia. Kuwashia mkaa kwa kipande cha nailoni ni mazoea ya nyumba nyingi, na anayevuta moshi huo kwa karibu ni mama aliyeinama na mtoto aliye mgongoni. Plastiki yoyote ikiungua hutoa moshi mbaya, lakini ya PVC hutoa gesi yenye tindikali inayochoma koo na mapafu, pamoja na dioksini, kemikali zinazohusishwa na saratani na zinazodumu mwilini kwa miaka. Mabua makavu ya mahindi yanawasha mkaa vizuri tu.

Kava la mwaka jana, kama ni la polithini na limechakaa pembeni pekee, lioshe, likate palipochanika. Kilichobaki kinatosha daftari dogo la hesabu la mdogo wake.