Waifai inakatika chumbani? Usikimbilie kununua

Mama mmoja wa hapa kwetu, mwenye watoto watano, alikuwa na mahojiano ya simu kuhusu msaada wa chakula. Ndani ya jengo lao mtandao wa simu ni hafifu, hivyo hupiga na kupokea kwa waifai. Alijifungia chumbani ili watoto wasimsumbue, na huko huko chumbani simu ikakatika. Ofisi ikaandika kwamba hakupatikana, akalazimika kuomba tarehe nyingine. Tulipomtembelea tulikuta ruta iko jikoni, imebanwa kati ya friji na ukuta.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Intaneti ni ile unayolipia kila mwezi, inayoingia nyumbani kwa waya. Waifai ni njia ya hewani inayoitoa kwenye ruta na kuifikisha kwenye simu yako. Kwa hiyo kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta na umpigie mtu kwa video. Kama hapo picha ni safi, lakini chumbani inaganda, tatizo ni waifai. Kifurushi kikubwa hakitakusaidia.

Dawa ya kwanza ni ya bure: hamisha ruta. Iweke karibu na katikati ya nyumba, juu ya rafu, mahali pa wazi. Chuma, zege, vioo vikubwa na maji huzuia mawimbi, na friji ni sanduku la chuma. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole, na kwenye apartimenti hugombana na ruta za majirani na hata maikrowevu. Ya 5 GHz ina kasi kubwa ila kuta huichosha upesi. Mama yule tulimwekea ruta sebuleni na simu ikashika hadi chumbani, bila kutumia hata senti.

Kama bado haitoshi, chukua bili yako. Kampuni nyingi hapa Marekani hukodisha kifaa, mara nyingi kwa dola 10 hadi 15 kwa mwezi. Dola 15 kwa mwezi ni dola 180 kwa mwaka, na ruta inayotosha nyumba ya vyumba viwili hupatikana chini ya dola 100. Tangu Desemba 2020 sheria ya nchi inakataza kampuni kukutoza kodi ya kifaa ambacho haikukupa. Lakini uliza kwanza: sanduku lao linaweza kuwa modemu na ruta kwa pamoja, na ukilirudisha utahitaji modemu yako pia, iliyo kwenye orodha ya zile wanazozikubali. Ukilirudisha, dai risiti na uipige picha. Bila risiti, wakisema hawakulipokea, huna cha kuwaonyesha.

Dukani, tafuta maneno mawili kwenye boksi: Wi-Fi 6 na WPA3. La kwanza husaidia pale vifaa vingi vinapotumika kwa wakati mmoja, la pili ni ulinzi. Ile namba kubwa ya kasi usiifuate, kwa maana wamejumlisha mawimbi yote pamoja na simu yako haitaiona kamwe. Ruta ya zamani ya bei ya kutupa nayo iache, kwani huenda haipokei tena marekebisho ya usalama.

Wanaoishi kwenye nyumba ya ghorofa au yenye chumba cha chini ya ardhi, huenda ruta moja isitoshe. Hapo wengi hununua ekstenda ya bei rahisi na kujuta. Ekstenda nyingi za namna hiyo hupokea na kutuma kwa redio ile ile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kilicho bora ni aksesi pointi: kifaa kinachounganishwa na ruta kwa waya wa ethaneti, kisha kinatoa waifai yake kule mbali. Waya huo unaweza kufika mita 100. Usitoboe ukuta wa nyumba ya kupanga, maana utakatwa kwenye amana yako. Uko waya bapa unaopita chini ya zulia au kando ya ukuta. Kama waya haiwezekani kabisa, chagua vifaa vya meshi, na kile cha pili kiweke katikati ya njia, si ndani ya chumba kisicho na waifai, kwa sababu nacho kinahitaji kusikia ruta.

Na kama mnapokea SNAP au Medicaid, ulizeni kuhusu Lifeline: punguzo la hadi dola 9.25 kwa mwezi kwenye simu au intaneti, moja tu kwa kaya. Njoo na bili yako ofisini tukusaidie kujaza fomu.