Betri Mpya ya Baiskeli ya Umeme: Soma Namba Kabla Hujalipa



Ukishapata chumba Dengfeng, haichukui muda kabla ya kuanza kufikiria baiskeli ya umeme. Inakufikisha sokoni, inampeleka mtoto shule, na inapita kwenye vichochoro vya Xiaobei ambavyo gari haliwezi kuingia. Wengi hununua ya mtumba. Baada ya miezi michache betri inachoka, na hapo ndipo maswali yanapoanza kuletwa ofisini kwetu: ninunue betri gani? Ile ndogo nyepesi ya lithiamu itafaa? Kwa nini muuzaji mmoja anaiuza nusu ya bei ya mwenzake?

Jibu fupi ni hili: usichague betri kwa udogo wa boksi wala kwa bei. Chagua kwa namba zilizoandikwa kwenye baiskeli yako, na inunue pamoja na chaja yake. Ukikosea hapa, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko fedha ulizolipa. Tarehe 23 Februari 2024, moto ulizuka alfajiri katika jengo la makazi mjini Nanjing. Ulianzia sehemu ya chini, mahali baiskeli za umeme zilipowekwa. Watu 15 walikufa na wengine 44 walijeruhiwa. Nyumba zetu za hapa zimebanana dirisha kwa dirisha, na nyingi zina ngazi moja tu. Moto ukianzia chini, moshi unapanda kwa ngazi ile ile ambayo ungeitumia kutoka.

Kwanza, jua baiskeli yako ni ya aina gani

Tafuta lebo kwenye fremu au karatasi za baiskeli. Utaona namba yenye herufi V, yaani volti. Kwa kiwango cha taifa kilichoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2019, kinachoitwa GB 17761-2018, baiskeli ya umeme haipaswi kuzidi volti 48, mota ya wati 400, mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na uzito wa kilo 55 pamoja na betri. Toleo jipya la kiwango hicho lilianza tarehe 1 Septemba 2025. Linaruhusu baiskeli ya betri ya risasi kufika kilo 63, lakini mwendo umebaki ule ule wa kilomita 25.

Kisha tazama betri yenyewe. Herufi 铅酸 maana yake ni betri ya risasi na asidi, ndugu wa betri ya gari. Herufi 锂 maana yake ni lithiamu.

Namba ya pili ni Ah, yaani ampea-saa. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa, ambazo ndizo ukubwa halisi wa betri. Betri ya volti 48 na ampea-saa 12 ina wati-saa 576. Ya ampea-saa 20 ina 960. Volti lazima zilingane na za baiskeli. Ampea-saa zikiwa nyingi unakwenda mbali zaidi kabla ya kuchaji, ila betri inakuwa nzito na ghali zaidi.

Risasi au lithiamu?

Betri ya risasi ya volti 48 ni maboksi manne ya volti 12 yaliyounganishwa. Yote manne ya ampea-saa 12 yana uzito wa kilo 16 hivi. Bei yake ni nafuu na haishiki moto kirahisi kama lithiamu. Ubaya wake ni uzito, na pia huharibika ikiachwa muda mrefu bila chaji. Ikichoka, badilisha maboksi yote manne kwa pamoja. Boksi jipya likichanganywa na makuukuu, yale makuukuu yatalichosha upesi.

Betri ya lithiamu yenye nguvu hiyo hiyo ina uzito wa theluthi moja au pungufu. Unaibeba kwa mkono mmoja, na ndiyo maana watu wanaipenda. Wepesi huo huo ndio unaowashawishi kuipandisha chumbani na kuichaji kando ya kitanda. Seli ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi hutoa gesi inayowaka, ikaipasha moto seli ya jirani, na hiyo nayo ikawasha inayofuata. Ikishaanza, huna muda wa kufikiri.

Kama baiskeli yako ilitoka kiwandani na betri ya risasi, ushauri wetu ni mmoja: irudishie ya risasi. Kama ilitoka na lithiamu, nunua lithiamu ya mtengenezaji yule yule, yenye volti zile zile.

Chaja ndiyo inayoponza wengi

Hapa tunaomba usome polepole. Betri mbili zinaweza kuandikwa 48V zote, na bado zisiweze kutumia chaja moja.

Chaja ya betri ya risasi ya volti 48 hupandisha umeme mpaka kama volti 59 ndipo ikaacha. Betri nyingi za lithiamu za volti 48 zimeundwa kwa seli 13 zilizofuatana, na kila seli haipaswi kupita volti 4.2. Zidisha 13 kwa 4.2, utapata 54.6. Sasa chomeka betri hiyo kwenye chaja yako ya zamani ya risasi: kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.5. Betri nzuri ina kifaa ndani cha kukata umeme jambo hilo linapotokea. Betri ya bei ya kutupa huenda haina, au inacho kibovu.

Tena zipo betri za lithiamu za aina nyingine, zenye seli 15 au 16, ambazo kikomo chake ni tofauti na hicho. Kwa hiyo usikadirie. Chaja iliyouzwa pamoja na betri ndiyo chaja yake. Usiazime ya jirani hata kama plagi inaingia. Ukibadilisha aina ya betri, ile chaja ya zamani iondoe nyumbani kabisa, maana mtoto au mgeni anaweza kuichomeka bila kujua.

Kama baiskeli imechezewa

Baiskeli nyingi za mtumba zimebadilishwa ili zikimbie. Fundi ameongeza betri mpaka volti 60 au 72 na kuondoa kizuizi cha mwendo. Unaweza kugundua mwenyewe: fungua sehemu ya betri uhesabu maboksi. Manne ni volti 48, matano ni 60, sita ni 72. Kama lebo ya fremu inasema 48 na ndani kuna matano, baiskeli hiyo imechezewa.

Muuzaji atakuambia ununue lithiamu ndogo ya volti 60 ili kupunguza uzito. Usikubali. Nyaya na breki za baiskeli hiyo hazikuundwa kwa nguvu hiyo. Tena baiskeli haifanani na ile iliyosajiliwa kwa namba yake, na ikitokea ajali wewe ndiye utakayeulizwa. Mwambie fundi airudishe kwenye volti 48 kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na kizuizi cha mwendo. Gharama ikizidi thamani ya baiskeli, ni heri kutafuta nyingine.

Ukifika dukani

Hakikisha mambo haya kabla hujalipa:

- Betri ya lithiamu ina lebo iliyochapishwa vizuri yenye GB 43854. Hicho ni kiwango cha usalama kilichoanza tarehe 1 Novemba 2024.
- Chaja ina GB 42296, kiwango cha chaja kilichoanza tarehe 1 Julai 2023.
- Volti za betri, za chaja na za fremu zinakubaliana, na aina ya betri iliyoandikwa kwenye chaja ni ile ile unayonunua.
- Boksi ni gumu na limefungwa kiwandani. Betri iliyozungushiwa plastiki tu bila lebo mara nyingi imeungwa kwa seli kuukuu.
- Umepewa fapiao au risiti yenye jina la duka, na umehifadhi rekodi ya malipo kwenye simu.

Mwachie muuzaji betri ya zamani. Risasi ina thamani, hivyo omba akupunguzie bei. Usiitupe kwenye taka. Na usifikirie kuibeba betri ya lithiamu kwenye ndege kupeleka nyumbani: kikomo cha abiria ni wati-saa 100, au hadi 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Ya kwako ina 500 na zaidi.

Ichaji wapi?

Chini, kwenye vituo vya kuchajia vya mtaa. Sheria inakataza kuegesha au kuchaji baiskeli kwenye ngazi, korido na njia za kutokea za majengo marefu. Usiipandishe betri chumbani, na usiteremshe ekstensheni kutoka dirishani. Tunajua kituo kinalipiwa na chumbani unaona kama ni bure. Lakini ngazi hiyo wanaitumia pia majirani zako na watoto wao.

Ukiona betri imevimba, inanuka au ina joto hata ikiwa imepumzika, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Ikianza kutoa moshi, usiishike: toka, funga mlango, piga kelele "zhaohuo le" ili majirani wasikie, na piga 119, namba ya zimamoto. Kama moshi umeshajaa kwenye ngazi, usishuke. Baki ndani, funga mlango, ziba upenyo kwa nguo zilizolowa maji, na ujitokeze dirishani uonekane.

Kama hujui kusoma lebo ya betri au chaja yako, ipige picha utuletee ofisini, au tuombe mtu wa kukutafsiria dukani. Fanya hivyo kabla ya kununua. Muuzaji akishapokea fedha, kurudisha betri ni shida. Na kama una chaja mbili nyumbani na hujui ipi ni ya betri ipi, usichaji leo usiku. Zilete zote mbili, tuziangalie pamoja.