Kuzungusha Mawimbi: Metamateria na Tatizo la Istilahi

Kitenzi *kuonekana* kina mzizi *-on-* na mnyambuliko *-ekan-* unaodokeza uwezekano. Hivyo kitu kisichoonekana si lazima kiwe hakipo. Ni kitu ambacho uwezekano wa kukiona umeondolewa. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa tawi la fizikia linaloshughulikia ufichaji wa vitu kwa metamateria.

Jicho hukiona kitu kwa kuwa mwanga hukigonga ukarudishwa, ama huzuiwa ukaacha kivuli. Mwanga ukiongozwa kukizunguka kitu na kuungana tena nyuma yake, mtazamaji ataona tu yaliyo upande wa pili. Ndivyo maji ya mto Lowa yanavyolizunguka jiwe, kisha mkondo ukawa mmoja tena.

Metamateria ni maada iliyosanifiwa, ambayo tabia yake mbele ya mawimbi hutokana na umbo na mpangilio wa vipande vyake vidogo. Vipande hivyo sharti viwe vifupi kuliko wimbi lenyewe. Mwaka 1967 Mrusi Victor Veselago alieleza kinadharia maada yenye kupinda mwanga kinyume cha kawaida. Mwaka 2006 John Pendry wa Imperial College London, pamoja na David Schurig na David Smith wa Duke University, Marekani, walitoa nadharia ya ufichaji. Oktoba mwaka huohuo yakachapishwa matokeo ya jaribio: silinda ya shaba iliyozingirwa na pete za metamateria ilizungukwa na mikrowevu, ingawa kivuli hafifu kilibaki. Jicho la binadamu, hata hivyo, liliendelea kuiona silinda hiyo. Mwanga wa kawaida una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, na kuyazungusha yote kwa pamoja ni kazi ngumu mno. Zaidi ya hayo, aliyefichwa kikamilifu angekaa gizani, maana mwanga usingemfikia.

Hapa ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Huko Mpofi, kama kwingineko Masisi na Walikale, vita vya mwaka 1993 viliwaacha watu na kumbukumbu ya Mayi-Mayi na maji ya dawa yaliyoaminiwa kukinga risasi, imani iliyojulikana pia katika vita vya Majimaji huko Tanganyika, 1905 hadi 1907. Mwalimu akisema “joho la kutoonekana”, mwanafunzi aweza kudhani kwamba maabara imeithibitisha dawa. Kosa hilo laweza kugharimu uhai: chombo kinachozungusha mwanga hakizungushi risasi.

Istilahi *kizungusha-mawimbi* ingefaa zaidi. Inafuata muundo wa *kipaza-sauti*, inataja kazi ya chombo badala ya ajabu yake, na inajumuisha mikrowevu pamoja na mwanga. Tena inamwongoza mwanafunzi kuuliza swali la kisayansi: ni mawimbi gani yanayozungushwa, na kwa kiasi gani?