Pua Iliyoziba Miezi Mingi: Tujue Habari za Nyama za Pua

Mkulima hulijua shamba lake kwa macho, kwa mikono, na kwa pua pia. Pua humwambia kama maziwa yameanza kuharibika kabla hajayapeleka kwenye chama, kama mahindi ya ghalani yameshikwa na kuvu, na kama kuna kitu kinachoungua jikoni. Mtu asiyeweza kunusa amepoteza mlinzi wa nyumba yake. Hata hivyo wengi husema, "Ni mafua tu, yatakwisha," na mwaka mzima ukapita.

Mafua ya kawaida huisha baada ya siku 7 hadi 10. Pua ikiziba kwa zaidi ya majuma 12, kamasi zikawa zinateremka kooni, uso ukawa mzito, na harufu ya chakula ikapotea, hayo si mafua tena. Yafaa kuuliza kama ni maradhi ya nyama za pua.

NYAMA ZA PUA NI NINI?

Ndani ya pua, na ndani ya mapango ya mifupa ya uso, mna utando laini wenye unyevu. Utando huo ukipatwa na mchochota, yaani uvimbe wenye kuwasha, nao usikome kwa muda mrefu, hujaa maji na kuning'inia. Kile kinachoning'inia ndicho kiitwacho nyama ya pua. Ni laini, rangi yake ni ya kijivu au nyeupe, na umbo lake ni kama zabibu iliyomenywa. Ikiguswa haiumi, na si saratani. Kwa kawaida huota katika matundu yote mawili, na huwapata watu wazima zaidi kuliko watoto. Utafiti wa Ulaya na Marekani umeonyesha kwamba katika watu 100, mtu 1 hadi 4 huwa nazo. Basi si jambo la aibu wala la kufichwa.

JE, CHANZO NI MZIO?

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nyama za pua huletwa na mzio. Mzio ni mwili kupiga vita kitu kisichowadhuru watu wengine, kama vumbi la nafaka, chavua ya nyasi, manyoya ya wanyama, au maua ya pareto. Mwenye mzio hupiga chafya, macho humwasha, na kamasi nyepesi humtiririka. Akiondoka penye kitu hicho hupata nafuu.

Lakini wengi wenye mzio hawapati nyama za pua kamwe, na wako wenye nyama za pua ambao wakipimwa hawaonekani kuwa na mzio wowote. Mzizi wa maradhi ni ule mchochota usiokoma. Kwa wagonjwa wengi utando hujaa chembe za damu nyeupe ziitwazo eosinofili. Kazi yake ya asili ni kupigana na minyoo, lakini hapa huumiza utando wa mwenyewe. Mzio, vumbi na moshi ni kama kuni zinazoongezwa kwenye moto ambao tayari unawaka.

Tofauti hii ni kubwa. Sisi sote twaijua sangari. Ukifyeka majani ukaacha mizizi, mvua ikinyesha inarudi. Nyama za pua ni vivyo hivyo. Maandishi ya tabibu Hippocrates wa Ugiriki, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, yaeleza jinsi ya kuzing'oa kwa sifongo iliyofungwa uzi. Siku hizi daktari huziondoa kwa chombo chembamba chenye taa, bila kupasua uso. Hata hivyo hurudi kwa wagonjwa wengi, hasa mchochota usipotibiwa. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote azichome au azikate nyumbani.

TIBA YAKE

Kwanza, dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hutumiwa kila siku, na nafuu huja polepole kwa majuma kadhaa. Wengi huiacha baada ya siku tatu wakisema haifai kitu.

Pili, kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, uyaache yapoe, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Usitumie maji ya mto au ya tangi yasiyochemshwa, kwa kuwa viko vijidudu visivyodhuru tumboni lakini huleta hatari kubwa vikiingia puani.

Tatu, vidonge vya steroidi kwa siku chache, kwa amri ya daktari tu. Ukijinunulia na kuvitumia ovyo, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Nne, upasuaji, kama dawa hazikutosha. Baada yake dawa ya kupuliza huendelea.

Dawa za dukani za kuzibua pua upesi zisitumiwe zaidi ya siku 5. Zikizidi, pua huziba kuliko mwanzo.

HATARI YA VIDONGE VYA MAUMIVU

Jambo hili lisisahauliwe. Mwaka 1922 Fernand Widal na wenzake wa Ufaransa walieleza habari za mgonjwa mwenye pumu na nyama za pua ambaye aspirini ilimdhuru. Mwaka 1968 Max Samter na Roland Beers walieleza maradhi hayo kwa urefu zaidi. Mgonjwa wa namna hii akimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, pua huziba na kifua hubana katika muda wa dakika 30 hadi saa 3, na anaweza kufa. Katika watu 10 wenye nyama za pua, karibu mtu 1 yuko katika hatari hiyo. Basi mwenye nyama za pua, hasa akiwa na pumu pia, asinunue kidonge cha maumivu kabla ya kumwuliza tabibu.

KAZINI SHAMBANI

Wakati wa kupukuchua mahindi, kufagia banda la kuku, kupakua nyasi kavu au kuanika pareto, simama upande upepo unakotoka na uvae barakoa inayokaa vizuri usoni. Nafaka na nyasi zikauke vizuri kabla ya kuwekwa ghalani ili zisiote kuvu. Jiko la kuni liwe na njia ya moshi kutokea, na tumbaku iachwe.

Nenda hospitali bila kukawia ikiwa tundu moja tu ndilo limeziba, au damu inatoka mara kwa mara, au pana uvimbe shingoni, au jicho limevimba au haloni vizuri. Dalili hizo zaweza kuwa za maradhi mengine makubwa zaidi. Mtoto mwenye nyama za pua naye apelekwe.

Ukifika kwa tabibu mweleze mambo matatu: pua imeziba tangu lini, kama una pumu, na ni kidonge gani kilichowahi kukubana kifua. Mwombe akupeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa.