Bustani ya Mbele ya Nyumba na Haki ya Jirani

Apitaye katika mitaa mingi ya makazi jijini Dar es Salaam hukutana na sura ileile: ukuta mrefu wa matofali, geti la chuma, na uwanja uliosakafiwa kwa saruji hadi ukingoni mwa barabara. Tumezoea kuihesabu sura hiyo kuwa ndiyo unadhifu. Lakini masika yaingiapo, maji yasiyopata udongo wa kuyanywa huelekea kwa jirani. Na jua la Januari likizama, saruji huendelea kutoa joto hadi usiku. Namna tunavyoupamba uso wa nyumba zetu, basi, si jambo letu peke yetu.

Hatusemi kila familia ivunje sakafu yake yote. Ukanda wa udongo wenye upana wa mita moja na nusu, ndani ya mpaka wa kiwanja, watosha kubeba bustani iliyositawi, ikipandwa kwa ngazi tatu kama msitu unavyojipanga wenyewe.

Ngazi ya juu ni ya kivuli: mstafeli, mpapai au mlangilangi. Mlangilangi ukiachwa hurefuka mno. Wakulima wa Komoro, wanaouvuna kwa ajili ya manukato, huukata kilele ubaki karibu na mita 3, nasi twaweza kufanya hivyo. Mnazi usipandwe juu ya njia, kwani nazi haichagui kichwa cha kuangukia.

Ngazi ya kati ni ya sitara. Mhina hupenda jua, huvumilia ukame, hukubali kukatwa ukawa ua mnene, na majani yake yana kazi siku za harusi na Idi. Asumini hutambaa juu ya uzio na kuutia mtaa mzima harufu jioni. Tujihadhari na mnyaa: utomvu wake mweupe huunguza macho, nao watoto hupita hapo wakienda madrasa.

Ngazi ya chini huufunika udongo: mchaichai pembezoni, mrehani palipo na jua, na makangaga penye kivuli. Hapo mama hupata kiungo cha chai, na binti hupata rehani na asumini za kufungia kikuba.

Wakati mwema wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi, au mwanzo wa vuli. Shimo la mti lichanganywe samadi iliyooza vizuri, kisha juu yatandazwe majani makavu ili unyevu usipotee, yakiachwa mbali kidogo na shina lisije likaoza.

Wengi huuliza: maji yatoke wapi, ilhali bomba lenyewe hutoka kwa zamu? Jibu moja li ndani ya nyumba. Familia ya watu 6, kila mmoja akitawadha mara 5 kwa siku na kutumia lita 2 kila mara, humwaga lita 60. Maji hayo hayana sabuni. Yakikingwa kwa beseni yatanywesha ukanda mzima.

Beseni hilo, hata hivyo, limwagwe siku hiyohiyo. Mbu aenezaye homa ya dengi, iliyolisumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba, hata katika kisahani cha chini ya chungu cha maua, naye huuma mchana. Bustani isiyokaguliwa kila wiki huwa dhara kwa mtaa.

Hali kadhalika, mtaro wa maji ya mvua usifukiwe, na matawi yasimlazimishe mpita njia kushuka barabarani penye magari. Atakaye kupanda nje ya mpaka wake aulize kwanza serikali ya mtaa.

Sote tumefundishwa kwamba mti wa Muislamu akila kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyeupanda. Na kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Bustani ya mbele ya nyumba yayakutanisha mafundisho haya mawili katika futi chache za udongo. Basi masika yajayo tuanze na mche mmoja, na mche wa pili tumpelekee jirani.