KOMPYUTA NAYO HUPIGIWA HODI
Mipaka ya upekuzi katika kesi za wizi wa nyimbo, filamu na programu

Mukuyuni ni jina ambalo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa. Mkuyu wa Kikamba ndio mkuyu wetu wa Kiswahili, na Mukuyuni ni pale penye mkuyu. Mji huo mdogo uko Makueni, katika Ukambani, nchi ambayo misafara yake katika karne ya 19 ilikuwa ikiteremka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa. Siku hizi kisafiricho kwa wepesi baina ya bara na pwani ni sauti na picha. Muziki wa Kilimambogo Brothers wa marehemu Kakai Kilonzo una wapenzi hata Mombasa, na taarabu ya marehemu Juma Bhalo haikuishia ukingoni mwa bahari.

Katika miji ya soko ya namna hii, bara na pwani, hapakosi kibanda chenye kompyuta. Mteja huja na flashi yake, akatoa shilingi chache, akatiliwa nyimbo hamsini au filamu kumi. Mwanamuziki aliyezitunga nyimbo hizo hapati hata senti. Lakini kibanda hicho hicho ndicho kinachopiga chapa barua za vijana waombao kazi, kinachojaza fomu za kodi, kinachotoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, na ndicho kinachotengeneza picha za harusi.

Hebu tuchukue mfano ambao si wa mtu yeyote ajulikanaye. Mwanamuziki amechoka kuibiwa. Anakwenda mahakamani na wakili wake, anaomba aruhusiwe kuingia kibandani na kuichukua kompyuta kabla mwenyewe hajafuta yaliyomo. Ombi lake lina haki, maana ushahidi wa kompyuta hufutika kwa kubonyeza kidole. Lakini ndani ya kompyuta hiyo hiyo mna picha za bibi harusi, jirani yako, alizopigwa ndani pamoja na wanawake wenziwe, bila buibui, kwa imani kwamba hatazitazama mwanamume asiye maharimu wake. Je, wakili wa mwanamuziki na mafundi wake wana ruhusa ya kuzifungua na hizo?

Hilo ndilo swali letu leo. Majaji wa nchi mbalimbali wamelishughulikia kwa karibu miaka hamsini, na jibu lao kwa ufupi ni hili: kuingia si kutazama kila kitu.

AMRI ILIYOZALIWA LONDON

Asili ya jambo hili ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwezi wa Desemba 1975, ikachapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1976. Kampuni ya Kijerumani iitwayo Anton Piller, watengenezaji wa mota na mitambo ya umeme, iliwashuku mawakala wake wa Uingereza kwamba walikuwa wakiwapa washindani siri za mitambo yake. Ilihofia kwamba wakipata habari ya kesi tu, karatasi zote zitachomwa moto. Basi ikaomba amri itolewe kwa siri, bila ya upande wa pili kuitwa.

Lord Denning na wenzake walikubali. Tangu siku hiyo amri ya namna hiyo imeitwa Anton Piller katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Kenya ikiwa miongoni mwao. Lakini Denning aliweka tofauti moja kubwa. Alisema amri hiyo si hati ya upekuzi ya polisi. Mwenye kuishika hana ruhusa ya kuvunja mlango wala kuingia kwa nguvu. Huja mchana, hubisha hodi, huonyesha amri, na humwomba mwenye nyumba ampishe. Mwenye nyumba akikataa, mlango haupigwi teke, bali yeye atakwenda kujibu mbele ya jaji kwa kosa la kuidharau mahakama.

Jaji Ormrod, aliyekaa naye katika kesi hiyo, aliongeza masharti matatu ambayo wanafunzi wa sheria huyakariri mpaka leo. Kwanza, mdai awe na kesi yenye nguvu sana kwa uso wake. Pili, hasara aliyopata au atakayopata iwe kubwa mno. Tatu, pawe na ushahidi wa wazi kwamba mdaiwa anavyo vitu hivyo na kwamba kuna hatari ya kweli ya kuviharibu kabla ya kesi kusikizwa.

Amri hii ilipata kazi nyingi miaka ya themanini, wakati kanda za video zilipoenea na kunakiliwa kwa wizi kila mahali. Na kama ijulikanavyo, dawa ikizidi huwa sumu. Mwaka 1986 Jaji Scott wa London, katika kesi ya kampuni ya filamu ya Columbia dhidi ya mfanyabiashara wa video aitwaye Robinson, aliona kwamba wapekuzi walikuwa wamechukua vitu ambavyo amri haikuvitaja, vingine vikapotea mikononi mwa mawakili. Robinson alikuwa mwizi wa filamu kweli, na kesi alishindwa. Hata hivyo mahakama iliamuru alipwe fidia ya pauni 10,000 kwa namna alivyopekuliwa. Hapa pana somo kubwa: hata mkosaji ana haki yake, na kosa lake halimhalalishii mwengine kumdhulumu.

Miaka michache baadaye, mwaka 1992, Jaji Nicholls alikutana na kisa ambacho msomaji wa pwani atakielewa mara moja. Wapekuzi walibisha mlango wa nyumba asubuhi na mapema. Ndani alikuwamo mwanamke peke yake, yungali katika nguo za kulalia, na watoto wake wamelala. Jaji alichukizwa. Akaeleza kwamba upekuzi ufanywe siku za kazi na saa za kazi, ili aliyepekuliwa aweze kumpata wakili wa kumshauri. Ikiwa huenda nyumbani yuko mwanamke peke yake, basi katika kundi la wapekuzi pawe na mwanamke. Vitu vyote viorodheshwe kabla ya kuondolewa. Na juu ya yote, pawe na wakili mwingine, asiye wa mdai wala wa mdaiwa, mwenye ujuzi, wa kusimamia kazi yote na kumpelekea jaji taarifa.

KIJANA WA NEW JERSEY

Hayo yalikuwa ya karatasi na kanda. Kompyuta ilileta mtihani mpya, kwa sababu sanduku moja hubeba duka, barua, daftari la madeni na albamu ya familia kwa pamoja.

Mtihani huo ulionekana wazi Marekani mwezi wa Januari 2011. Kampuni ya Sony ilimshtaki kijana wa miaka 21 wa New Jersey, George Hotz, mdukuzi ambaye jina lake lilianza kuvuma mwaka 2007 alipoifungua simu ya iPhone itumike na mitandao mingine. Safari hii alikuwa ameuvunja ulinzi wa mashine ya michezo ya PlayStation 3 na kuueleza ulimwengu namna ya kufanya hivyo. Sony ilidai kwamba njia hiyo itawafungulia mlango wezi wa michezo yake. Jaji Susan Illston wa mahakama ya San Francisco alitoa amri ya muda, kijana asiendelee na azitoe kompyuta zake na diski zake.

Mawakili wa Hotz walipinga. Walisema diski hizo zina mambo yake mengi yasiyohusiana na Sony hata kidogo. Jaji hakuifuta amri yake, ila mwezi wa Februari aliiwekea ukingo: Sony haina haki ila ya yale yanayohusu kuvunjwa kwa ulinzi wa mashine yake. Vitu vikawekwa mikononi mwa mtu wa tatu asiyependelea upande wowote, wayatenge yanayohusika na yasiyohusika. Kesi yenyewe haikufika mwisho. Pande mbili zilipatana mwezi wa Machi mwaka huo huo, na Hotz akakubali kuzuiwa na mahakama asirudie.

Tuzingatie busara ya amri hiyo. Jaji alikiri kwamba ni tatizo vitu vingi vikikaa katika chombo kimoja. Hata hivyo hakusema chombo kiachwe, wala hakusema kifunuliwe chote. Alisema kitengwe.

SHERIA YA KENYA

Tukirudi kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri za kuhifadhi ushahidi katika kesi za hakimiliki, hata kabla ya upande wa pili kusikizwa. Kesi za programu za kompyuta nazo si ngeni mahakamani. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilifikishana mbele ya Jaji Ringera, Nairobi, na kampuni ya Mitsumi Computer Garage kwa madai ya kuvunja hakimiliki.

Lakini juu ya sheria zote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi, na hapo mwanamuziki wa Mukuyuni anapata nguvu zake. Kifungu cha 31 nacho kinampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, asinyang'anywe vitu vyake, mambo ya familia yake yasifichuliwe pasipo lazima, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Hapo bibi harusi anapata sitara yake. Haki hizo mbili zina mipaka, na kazi ya jaji ni kuzipima mizani moja. Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utatupwa, ikiwa kuupokea kutaiharibu haki ya kesi.

Pale jambo linapokuwa la jinai, polisi hutumia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Afisa huomba hati ya upekuzi mahakamani na kueleza sababu zake. Akichukua kompyuta au yaliyomo, yampasa aandike orodha pamoja na tarehe na saa, na nakala ampe mwenye mahali. Mwenye kompyuta naye aweza kuomba nakala ya yaliyochukuliwa, isipokuwa pale kumpa kutakapoharibu uchunguzi. Vifungu hivyo ni miongoni mwa vifungu 26 vilivyosimamishwa na Mahakama Kuu mwezi wa Mei 2018, waandishi walipolalamika kwamba sheria hiyo inakandamiza uhuru. Februari 2020 Jaji Makau aliamua kwamba vinapatana na Katiba.

MAFUNDISHO TULIYOYAZOEA

Msomaji Mwislamu hataona ugeni katika haya. Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba idhini huombwa mara tatu, na asiyeitikiwa arudi zake. Akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Maneno hayo ni mazito kwa zama zetu. Ikiwa hodi ni kwa ajili ya jicho, basi mtu aweza kuwa amekwisha pita mlangoni kwa ruhusa na bado hana ruhusa ya kulitembeza jicho lake ndani ya diski.

Husimuliwa pia kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, aliyeruka ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia: mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu, umepeleleza, umeingia si kwa mlango, na hukuomba idhini. Khalifa akamwacha. Jaji Scott na Robinson wake wangekielewa kisa hicho.

Lakini tusiitumie sitara kuwa pazia la wizi. Wako wanaosema kwamba wimbo hauibiwi, maana mwenyewe bado anao. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayotambuliwa na sheria ya dini, na haijuzu kuzivunja. Mtunzi wa taarabu, msomaji wa kaswida na mpiga gitaa wa Ukambani wote hula kwa jasho lao.

YAPASAYO KUJULIKANA

Kwa hiyo mwenye kibanda, awe Mukuyuni au Kongowea, ajue mambo machache. Akijiwa, aombe kuiona amri na aisome: imetolewa na mahakama gani, inataja vitu gani. Amtafute wakili mara moja. Asifute chochote, maana kufuta baada ya amri ni kosa jipya, tena pengine kubwa kuliko la kwanza. Adai orodha, na aitie sahihi baada ya kuihakiki. Ikiwa mna vitu vya wateja wasiohusika, aseme hapo hapo na aombe viwekwe mbali, kwa msimamizi asiyependelea, mpaka jaji aamue.

Naye mdai asidhani kwamba amri ni ufunguo wa kila sanduku. Akiomba zaidi ya haki yake, aweza kujikuta yeye ndiye analipa fidia.

Na sisi wateja tuna letu. Picha za ndani zisiachwe katika kompyuta za watu. Zikisha tengenezwa, tusimame hapo hapo mpaka zifutwe. Sheria imeweka ukingo mzuri, lakini ukingo hujengwa na mwenye kisima kabla mtoto hajatumbukia.